Bamba Patanishi: Jinsi ya Kuoanisha Kabureta Ngeni na Injini Kuukuu

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika karakana ya magari, hata hivyo, methali hii ina sharti lake. Mgeni hamponyi mwenyeji mpaka apewe mahali pa kuketi. Kabureta iliyotolewa katika gari la aina moja, au iliyonunuliwa ikiwa mpya dukani, aghalabu haikubali kuketi juu ya injini ya gari la aina nyingine. Matundu ya bolti hayalingani, mdomo wa mmoja ni mpana kuliko wa mwenziwe, na umbo la kitako ni tofauti. Ili wawili hawa waishi pamoja, pahitajika kipande cha madini kitakachokaa kati yao, kikimridhisha mmoja kwa upande wake wa juu na mwingine kwa upande wake wa chini. Mafundi wetu hukiita adapta. Katika makala haya tutakiita bamba patanishi, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya mzee anayeketi kati ya jamaa wawili wasiopatana.

Makala haya yananuia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi bamba hilo linavyopimwa, linavyochongwa na linavyofungwa. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kukariri katika mihadhara na makongamano kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza sayansi na teknolojia. Dai hilo halithibitishwi kwa kukaririwa. Huthibitishwa kwa kulichukua jambo moja la kiufundi na kulieleza mpaka msomaji aweze kulitenda, au angalau aweze kumkosoa anayelitenda vibaya. Hilo ndilo jaribio letu hapa.

Kisa Chenyewe

Baba mdogo ana Land Rover Series III, aina iliyoundwa kati ya mwaka wa 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Gari hilo hubeba mitungi ya maziwa ya majirani kule Kinangop. Kabureta yake ya asili ilikuwa Zenith 36 IV. Kabureta hii si mbovu, ila ina udhaifu mmoja unaojulikana: uso unaokutanisha kifuniko na kiwiliwili chake hupinda kadiri miaka inavyopita. Unapopinda, petroli hupenya pasipotakiwa. Gari hunywa mafuta kupita kiasi na injini haitulii. Baba mdogo alipochoka kuifungua kila mara, aliamua kuibadilisha kwa Weber 34 ICH, kabureta yenye koo moja la milimita 34 ambayo imependwa na wengi wenye injini hiyo. Aliuziwa kabureta tupu, bila bamba lake.

Fundi wa kwanza alichonga bamba kwa muda wa saa moja, akalifunga, gari likawaka, akalipwa. Baada ya majuma matatu vali moja ya kutolea moshi iliungua. Kichwa cha injini kikafunguliwa, na maziwa ya siku mbili yakaharibika kwa kukosa usafiri. Kwa kuwa karo yangu ilitoka katika maziwa hayo hayo, nilikuwa na sababu ya kutosha ya kutaka kujua kosa lilikuwa wapi. Fundi wa pili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alilitoa bamba lile, akaliinua kwenye mwanga na kuniita.

"Tazama hapa, kijana wangu," alisema. "Gari hili halikuharibiwa na kabureta. Limeharibiwa na pumzi."

Pumzi Isiyoalikwa

Ili kumwelewa mzee huyu, ni sharti tukumbuke kazi ya kabureta. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda, huvuta hewa kutoka nje. Hewa hiyo hupitia katika koo la kabureta, ambalo limebanwa katikati. Inapofika penye ubano, mwendo wake huongezeka na kanieneo yake hupungua. Upungufu huo ndio unaoinyonya petroli kutoka katika kibakuli chake kupitia kitundu chembamba kiitwacho jeti. Umbo hili la koo lililobanwa limepewa jina la Venturi, mwanasayansi Mwitalia aliyeishi kati ya 1746 na 1822. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hewa yenyewe ndiyo inayojipimia petroli: inapopita nyingi, huvuta nyingi; inapopita kidogo, huvuta kidogo. Ili petroli iungue kikamilifu, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa.

Sasa tuseme pana ufa chini ya kabureta, baina yake na manifoldi. Hewa itakayoingia kwa ufa huo haikupita kooni, kwa hiyo haikuvuta petroli yoyote. Ni mgeni asiyealikwa, naye hula chakula kilichopikiwa wengine. Mchanganyiko hukonda. Injini hutetemeka inapokuwa haijakanyagwa, maana wakati huo ndipo mvuto ndani ya manifoldi ni mkali zaidi. Gari likiendeshwa kwa muda mrefu likiwa katika hali hiyo, hasa likiwa na mzigo, joto huzidi na vali za kutolea moshi huungua. Bamba patanishi, basi, lina kazi mbili. Kazi ya kwanza, ambayo kila mtu huiona, ni kushikilia kabureta. Ya pili haionekani, nayo ni kuziba pumzi. Fundi wetu wa kwanza alitimiza ile ya kwanza pekee.

Kupima

Upimaji huanza kwa karatasi ngumu, ya aina inayotumiwa kutengenezea maboksi. Paka kitako cha kabureta mafuta mazito meusi, kisha kikandamize juu ya karatasi. Utapata picha ya kitako chote: mdomo wa kati, matundu ya bolti na vijitundu vidogo vya hewa ikiwa vipo. Fanya vivyo hivyo kwa uso wa manifoldi. Karatasi hizi mbili ukiziweka moja juu ya nyingine, midomo ikiwa imelingana, utaona mara moja mahali ambapo pande hizi mbili hazipatani.

Picha haitoshi, yahitajika namba. Umbali baina ya matundu mawili hupimwa kutoka kitovu hadi kitovu, lakini kitovu cha tundu ni hewa tupu na hakishikiki. Njia rahisi ni kupima kwa kalipa kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa jingine, kisha kutoa kipenyo cha tundu moja, maadamu yote mawili ni sawa. Ukingo hadi ukingo ukiwa milimita 74 na tundu likiwa milimita 8, basi kitovu hadi kitovu ni milimita 66.

Hapa ndipo hujitokeza tatizo linalowashinda wengi. Tuchukue mfano wa kabureta ambayo matundu yake mawili yameachana kwa milimita 66, na manifoldi ambayo yake yameachana kwa milimita 60. Tukiyapanga katika mstari mmoja, tundu la kabureta litakuwa milimita 3 tu kutoka tundu la manifoldi. Yataingiliana. Parafujo ya milimita 8 yenye kichwa cha kuzama huhitaji duara la takriban milimita 16, yaani nusu kipenyo ya 8. Tundu la bolti ya kabureta lina nusu kipenyo ya 4. Tukiacha ukuta wa milimita 3 baina yao, vitovu havina budi kuachana kwa milimita 15 au zaidi. Suluhisho ni kuizungusha kabureta kidogo juu ya bamba. Katika mfano wetu, ikizungushwa nyuzi 30, vitovu huachana kwa takriban milimita 16.6, na ugomvi huisha. Hata hivyo, isizungushwe kiholela. Kibakuli cha petroli ni vyema kielekee mbele ya gari kadiri iwezekanavyo, na mkono wa ekseleta uweze kuufikia mtambo wake bila kupindwa.

Kipimo cha mwisho ni cha kimo. Bamba huinua kabureta na kisafisha hewa kilicho juu yake. Weka donge la udongo wa mfinyanzi juu ya kisafisha hewa, funga boneti taratibu, kisha uifungue. Unene wa udongo uliosalia ndio nafasi uliyo nayo. Injini hucheza juu ya mipira yake, kwa hiyo nafasi hiyo isiwe finyu.

Kuchagua Madini

Alumini ndiyo inayofaa zaidi. Hukatika kwa urahisi, haishiki kutu kama chuma na ni nyepesi. Unene wa milimita 12 unatosha kwa kazi nyingi. Namba hii haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Alumini ni laini kuliko chuma cha pua, na hesi zilizokatwa ndani yake huhitaji kina kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Bolti ya milimita 8 yahitaji basi kina cha milimita 12.

Mafundi wa jua kali ni hodari wa kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina vifaa vipya, na sufuria nyingi za nchi hii ni ushahidi wa uhodari huo. Kwa bamba patanishi, hata hivyo, alumini ya kumiminwa kienyeji si chaguo jema. Mara nyingi huwa na viputo vya hewa vilivyonaswa ndani, na kiputo kimoja kikikutana na hesi au na mdomo wa bamba, pumzi hupata njia. Ni afadhali kununua kipande cha bamba lililotoka kiwandani, hata kama ni masalio.

Alumini ina kasoro moja: hupitisha joto upesi. Joto la injini likipanda hadi kwenye kibakuli, petroli huanza kuchemka, na gari lililozimwa baada ya safari ndefu hukataa kuwaka tena. Kwa hiyo fundi mwangalifu huweka pia kipande cha faiba ngumu isiyopitisha joto baina ya bamba na kabureta.

Kutoboa na Kukata Hesi

Bamba hufungwa imara katika jiliwa, meno ya jiliwa yakiwa yamefunikwa kwa vipande vya mbao ili yasiliume. Michoro kutoka kwenye karatasi huhamishwa kwa sindano kali ya chuma, na kila kitovu hutiwa alama kwa panchi na nyundo. Alama hiyo ndogo ndiyo inayoizuia keekee kuteleza. Anza kwa tundu la milimita 3, kisha upanue. Mafundi wengi huruka hatua hii ili kuokoa dakika tano, na baadaye hupoteza saa nzima wakivuta matundu kwa tupa ili bolti ziingie.

Matundu yatakayokatwa hesi za milimita 8 za kawaida hutobolewa kwa keekee ya milimita 6.8. Kikata hesi husukumwa kwa mikono kikiwa wima kabisa, kikipakwa mafuta ya taa. Kila baada ya nusu mzunguko kinarudishwa nyuma kidogo ili kuvunja vinyweleo vya alumini. Visipovunjwa hujaa, kikata hesi hukwama na kuvunjikia ndani.

Ni katika hatua hii ambapo kosa la fundi wa kwanza lilijificha. Magari ya Uingereza ya enzi hizo hutumia hesi za inchi. Bolti ya sehemu tano za kumi na sita za inchi ina kipenyo cha milimita 7.94, ilhali ya milimita 8 ni 8 kamili. Kwa macho, na hata kwa vidole, ni pacha. Lakini umbali baina ya jino na jino katika hesi nyembamba ya inchi, yenye meno 24 kwa inchi, ni takriban milimita 1.06, na katika ile ya milimita ni 1.25. Parafujo ya milimita ikiingizwa kwa nguvu katika tundu la inchi huzunguka mara mbili au tatu, kisha huanza kula meno ya mwenyeji wake. Fundi alidhani imekaza kwa sababu ilikuwa ngumu. Iliposhika joto na mtikisiko wa barabara za Kinangop, ililegea, na pumzi ikaingia. Wanaofunza tafsiri huwaonya wanafunzi juu ya maneno ya lugha mbili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Onyo hilo lingefaa pia kubandikwa ukutani katika karakana.

Tundu la kati hukatwa kwa msumeno wa duara, au kwa kutoboa vijitundu vingi mduarani na kuvikatia kwa tupa. Kama mdomo wa kabureta ni milimita 34 na wa manifoldi ni 36, ukuta wa tundu uinamishwe taratibu kutoka kipimo kimoja hadi kingine, bila ngazi. Ngazi huvuruga mkondo wa hewa, na matone ya petroli hujikusanya hapo. Kisha pachika kabureta na ukanyage ekseleta mpaka mwisho. Kibamba cha duara kinachofungua na kufunga koo kinapokuwa wazi huweza kuchomoza chini ya kitako. Kikigusa ukuta wa bamba hata kidogo, kinaweza kukwama kikiwa wazi, na dereva atakuwa na gari lisilopunguza mwendo. Jambo hili likaguliwe kwa mkono na kwa macho, tena mara mbili.

Kusawazisha Uso

Tafuta kipande cha kioo kinene. Kioo cha aina hiyo ni bapa kuliko meza nyingi. Tandaza msasa wa maji juu yake, unyunyizie mafuta ya taa, kisha usugue bamba kwa mwendo wa namba nane huku ukiligeuza kila mara ili mkono usiegemee upande mmoja. Sehemu zilizoinuka zitang'aa kwanza. Endelea mpaka uso wote ung'ae sawa. Kisha simamisha rula ya chuma juu yake na utazame mwanga: usipenye. Mzee alipofanya hivyo kwa bamba la kwanza, mwanga ulipita kama mchana unavyopita chini ya mlango.

Gasketi iwe mpya, na ikatwe kwa kufuata umbo la bamba. Gundi nyingi si dawa ya uso uliopinda. Petroli huilainisha, na vipande vyake huishia katika silinda.

Kufunga na Kujaribu

Parafujo za manifoldi hufungwa kwanza, vichwa vyake vikiwa vimezama chini ya uso wa bamba, maana kichwa kinachochomoza huinua gasketi. Halafu hufuata gasketi, faiba, gasketi nyingine na kabureta. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, huku na huku. Kitako cha kabureta hupinda kikikazwa upande mmoja kwanza. Waya au fito za ekseleta zifungwe pamoja na springi mbili za kurudisha. Moja yatosha, lakini ya pili ni ya siku ile ya kwanza itakapokatika.

Injini ikishawaka na kutulia, chukua brashi ndogo yenye mafuta mepesi ya injini na upake taratibu katika kila kiungo cha bamba. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo pumzi inapoingia. Wapo wanaotumia petroli kwa jaribio hili. Ni njia fupi ya kuchoma gari na aliyelifungua.

Limesalia suala la jeti, ambalo kwetu sisi wa nyanda za juu lina uzito. Jeti kuu za Weber hutajwa kwa namba zinazoonyesha kipenyo katika sehemu za mia za milimita: jeti ya 135 ina tundu la milimita 1.35. Kabureta iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari haitafaa Kinangop, ambako mwinuko ni zaidi ya mita 2,400 na kanieneo ya hewa ni takriban robo tatu ya ile ya Mombasa. Hewa huwa nyepesi, petroli huzidi, plagi huwa nyeusi kwa masizi. Dawa ni kupunguza jeti hatua moja moja, na baada ya kila hatua kuzitazama plagi. Rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili ya heri. Nyeupe ni ishara ya mchanganyiko uliokonda, na hapo turudie yale tuliyosema kuhusu vali.

Hitimisho

Bamba la pili lilichukua siku nzima kuchongwa. Nilishika taa, nikasugua msasa, na kwa kiasi kikubwa nikasikiliza. Mzee alisema "jiliwa", "keekee", "tupa" na "hesi" bila kufikiri, maneno ambayo mimi niliyajua kutoka kamusini na sikuwahi kuyaona yakitokwa na jasho. Nilipomwambia kwamba kile anachokiita adapta kingeweza kuitwa bamba patanishi, alinyamaza kidogo, akatabasamu. "Liite utakavyo, msomi wangu," alisema. "Ila lisipitishe pumzi."

Jibu hilo lina funzo kwa wanaounda istilahi. Neno jipya, sawa na bamba jipya, hupimwa kwa pande zote mbili. Upande mmoja likae sawa na kanuni za lugha, na upande wa pili likae sawa na mdomo wa mtumiaji. Likilingana na upande mmoja tu, huonekana zuri mezani na huvuja likitumiwa. Nakiri kwamba sijui ni mafundi wangapi watakubali istilahi niliyoipendekeza hapa. Ninachojua ni kwamba katika karakana zetu kuna hazina ya msamiati ambayo haijaandikwa, na wenye hazina hiyo wanazeeka. Nawahimiza wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada za utafiti waende huko na daftari, na wakiweza, wavae nguo wasizojali kuzichafua.

Land Rover ile ingali inabeba maziwa.